Kaseti Haikuvutika

Hotuba kwenye jioni ya kusikiliza albamu za muziki mbadala, za zamani na mpya, Mji wa Kale, Mombasa

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu, na nyinyi vijana mlioishia ngazini kwa kukosa viti, karibuni. Mwenye kahawa ashapita mara moja na atapita tena, asiyepata kashata asinune. Nimepewa nusu saa. Mimi ni mtu wa kaseti, na nusu saa kwangu ni upande mmoja tu wa kanda ya dakika sitini, kwa hivyo mkiniona nimesita katikati jueni nageuza upande.

Nianze huko huko kwenye kaseti. Mwaka 1992 nilikuwa kijana wa kazi kwenye kibanda cha kurekodi kaseti pale Mwembe Tayari. Mteja analeta orodha ya nyimbo, au anakuja na kaseti ya mwenziwe, nasi tunamnakilia kwenye kanda tupu. Tulikuwa na deki mbili, spika moja mbovu, feni, na kalamu ya Bic ya kurudishia kanda kwa mkono umeme ukikatika. Wateja wengi walitaka taarab, nyimbo za filamu za Kihindi, lingala na rege. Na walikuwako mabaharia. Meli ikishatia nanga Kilindini, jioni utawaona wanapita vibandani, wengine wananunua, wengine wanataka kubadilishana.

Siku moja akaja Mfilipino mmoja, fundi wa injini, na kaseti yenye jalada la waridi lililofifia kama fulana iliyofuliwa mara mia. Anataka nakala mbili. Nikaitia kwenye deki, nikabonyeza. Astaghfirullah! Sauti inapanda na kushuka, inayumba kama ngalawa kwenye pepo za kusi. Magita yamepandana hata hujui yako mangapi. Mwanamke anaimba kwa mbali, kama yuko nyumba ya tatu na wewe unamsikia kupitia ukuta. Nikasema moyoni, hii kanda imevutika. Ugonjwa huo tuliujua vizuri. Kaseti ikiachwa kwenye dashibodi ya matatu jua la saa saba, utepe unalegea, na mwimbaji anaanza kulia badala ya kuimba.

Basi nikafanya kazi yangu. Nikafungua skrubu tano, nikautoa utepe, nikaupitisha katikati ya vidole pole pole kutafuta palipokunjamana. Hapakuwa na kitu. Nikasafisha hedi ya deki kwa spiriti na pamba. Nikabadilisha ganda. Nikapiga tena, inayumba vilevile. Nikahamia deki ya pili, vilevile. Tajiri akaja, akasikiliza dakika moja, akaniambia nimeiharibu kaseti ya mtu na hasara itatoka kwenye mshahara wangu wa mwezi.

Baharia aliporudi jioni nilimpokea kwa kuomba radhi kabla hajavuka mlango. Alicheka hata akashika meza. Akaniambia haijaharibika, ndivyo walivyoirekodi.

Albamu ile ilikuwa Loveless, ya bendi ya My Bloody Valentine, iliyotoka Novemba 1991. Mpiga gita wao, Kevin Shields, alikuwa anapiga nyuzi huku kiganja kimeshika kile kijiti cha chuma kinacholegeza na kukaza nyuzi, akikitikisa kwa kila pigo, kwa hivyo hakuna sauti inayotulia mahali pake hata nukta moja. Walihangaika nayo zaidi ya miaka miwili, studio hii mpaka ile, na lebo yao, yaani kampuni ndogo ya santuri ya London iliyoitwa Creation, ikasota kwa gharama. Mimi nilidhani ni kasoro, nikashinda mchana mzima natafuta dawa yake. Kumbe wenzangu wameitafuta kasoro hiyo hiyo kwa miaka miwili, na wameilipia.

Tangu siku hiyo kila nikisikia muziki ulionikera, kabla sijauzima najiuliza: hii imevutika, au ndivyo ilivyokusudiwa? Swali hilo ndilo lililonileta hapa.

Jirani yangu alipoiona karatasi ya mwaliko aliniuliza, "Muziki mbadala, mbadala wa nini?" Nikamwambia jina hilo ni la kibiashara kuliko la kimuziki. Miaka ya 1980 kule Marekani zilikuwako redio za wanafunzi wa vyuo vikuu, zikipiga bendi ambazo redio kubwa hazikuzitaka. Uingereza nako palizuka lebo ndogo ndogo: Rough Trade iliyoanza kama duka la santuri London mwaka 1976, Factory ya Manchester mwaka 1978, 4AD, na hao Creation. Watu wachache kwenye chumba kimoja, wanarekodi wanachokipenda na kukiuza wenyewe. Wakubwa walipoona mambo yanauzika, wakatafuta neno la kubandika rafuni. Ndilo hilo.

Lakini hebu niambieni wazee wangu, habari hiyo ni ngeni kwetu? Duka la Assanand lilipokuwa na lebo yake ya Mzuri hapa hapa Mombasa, ilikuwa nini? Mbwana Radio Service walipokuwa wakirekodi taarab na kuzitoa kwenye kaseti, walingoja ruhusa ya mtu wa London? Wao ndio waliokuwa wakituletea sauti za mitaa yetu wakati kampuni kubwa zilikuwa zinaangalia kwingine. Tulichokosa sisi ni mtu wa kutubandikia jina.

Nayasema haya kwa sababu miaka ya nyuma nilipeleka wazo kwenye redio moja, siitaji jina, nikaomba saa moja kwa wiki ya muziki huu. Nikajibiwa kwamba msikilizaji wa Pwani hapendi kelele. Msikilizaji wa Pwani! Mtu aliyekulia kwenye zumari, zumari ile ambayo ikilia Majengo inasikika Makadara, atishwe na gita?

Haya, albamu. Sitawapa orodha, orodha mtaipata kwenye simu zenu. Nitawapa zile ambazo sikio la hapa lina mahali pa kuzishikia.

Ya kwanza ni Heaven or Las Vegas, ya Cocteau Twins, mwaka 1990. Hawa walitoka Grangemouth, Uskoti, mji wa bandari uliokuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta, yaani Changamwe ya Uskoti. Mwimbaji wao Elizabeth Fraser anaimba Kiingereza ambacho Waingereza wenyewe hawakielewi. Anakata maneno, anayavuta, anatia sauti ambazo si neno la lugha yoyote. Vijana huniuliza, sasa nitafuata nini kama maneno hayaeleweki? Nawaambia muulizeni bibi yenu. Nyimbo za filamu za Kihindi zilipokuwa zinajaza sinema za mji huu, wangapi walijua Kihindi? Waliimba mwanzo mpaka mwisho na machozi wakatoa. Marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarab, aliyachukua mahadhi hayo hayo akayavisha Kiswahili, na watu wakapata raha mara mbili. Sisi tuna mazoezi ya miaka mingi ya kuipokea sauti kabla ya maana. Mzungu ndiye aliyehitaji kufundishwa.

Ya pili mnaijua wote, ila hamjui kama mnaijua. Nendeni Kongowea siku ya mitumba. Mtakuta fulana nyeusi yenye mistari myeupe iliyopandana kama milima, mmoja juu ya mwingine. Nimeiona kwa makanga, nimeiona kwa mvuvi wa Mtwapa, na juzi nimeiona kwa mpwa wangu. Nikamwuliza, hii ni nini? Akasema, "Ni dizaini tu, mjomba." Dizaini hiyo ni jalada la Unknown Pleasures, albamu ya kwanza ya Joy Division wa Manchester, ya mwaka 1979. Na mistari ile si milima. Ni mawimbi ya redio kutoka kwa nyota inayopiga kwa mpigo, pulsa ya kwanza kugunduliwa, aliyeiona Jocelyn Bell akiwa mwanafunzi wa Cambridge mwaka 1967. Mchoraji Peter Saville aliyageuza mawimbi yakawa meupe juu ya weusi, na mbele ya jalada hakuandika hata jina la bendi. Hebu fikiria duka la santuri linavyouza kitu kisicho na jina.

Ukiisikiliza, tega sikio kwenye ngoma. Mtayarishaji Martin Hannett alimtenga mpiga ngoma na kila kitu, kila pigo linasikika peke yake kama mtu anayegonga mlango wa ghala tupu usiku. Aliingiza mlio wa lifti, aliingiza chupa zinazovunjika. Besi ndiyo inayobeba wimbo, gita linapita tu kama mgeni. Na juu yake sauti nzito ya Ian Curtis, kijana aliyekuwa na kifafa, na aliyejitoa uhai Mei 1980 akiwa na miaka 23. Sipendi kuisikiliza asubuhi. Upande wa kwanza wa santuri uliandikwa Nje na wa pili Ndani, kwa Kiingereza chao, na mimi nikishafika Ndani huwa nafunga dirisha.

Mpwa wangu nilimsikilizisha. Fulana anaivaa bado, ila sasa anaivaa kwa adabu.

Nafasi ndogo ya kuwasengenya watu: Nevermind ya Nirvana. Najua imesubiriwa, na ndugu yangu hapo ameijia na fulana. Ilitoka Septemba 1991, na Januari 1992 ikamtoa Michael Jackson juu kabisa kwenye chati ya Marekani. Ni albamu nzuri. Lakini imesikilizwa mno, kama biriani inayoliwa kila siku. Kama unaijua, tafuta In Utero ya mwaka 1993, ambayo Steve Albini aliirekodi ikiwa mbichi, gita linakwaruza kama kisu kwenye sufuria. Hapo ndipo utakapomsikia mwimbaji wao, Kurt Cobain, mwenyewe. Tusonge.

Miji ya bandari ina tabia moja. Kila meli inaacha kitu. Bristol ni bandari ya zamani ya Uingereza, na utajiri wake wa kale una dhambi kubwa ndani yake, dhambi ya biashara ya watumwa. Sisi tuliozaliwa kivulini mwa Ngome, yaani Fort Jesus, tunaielewa lugha hiyo bila mkalimani. Miaka ya 1990 vijana wa Bristol, weusi kwa weupe, wakachanganya rege ya wazazi waliotoka Karibea, hip hop na soul, wakaupunguza mwendo mpaka ukawa kama mtu anayetembea na mzigo. Massive Attack walitoa Blue Lines mwaka 1991. Portishead wakafuata na Dummy mwaka 1994. Hao Portishead walifanya jambo ambalo lingenifukuzisha kazi Mwembe Tayari: walitengeneza muziki wao wakautia kwenye santuri, kisha wakaziweka santuri chini studioni, wakazikanyaga na kuziteleza kwa miguu mpaka zichakae, ndipo wakazirekodi tena. Ule mchakacho unaousikia, ule mvumo kama mafuta yanayokaangia viazi karai, wameulea kwa makusudi. Na juu ya mchakacho huo mwimbaji wao Beth Gibbons anaimba kama mtu anayeogopa kuamsha watoto.

Mtaona nimerudi pale pale kwenye kasoro. Hayo ndiyo maradhi yangu.

Mnipe ruhusa sasa niseme habari ya deni. Mwaka 1980 bendi ya New York, Talking Heads, ilikwenda Nassau, Bahama, na mtayarishaji Brian Eno, ikarekodi Remain in Light. Eno alikuwa amewasikilizisha Fela Kuti wa Nigeria, hasa albamu ya Afrodisiac. Wakajaribu kuacha mtindo wa wimbo unaopanda ngazi, beti kisha kiitikio kisha daraja, wakakaa mahali pamoja: mpigo mmoja unazunguka, na kila chombo kina kineno chake kidogo kinachojibu kingine. Mtu wa chakacha ataelewa papo hapo. Walifanikiwa, na kwa uungwana hawakuficha walikotoa. Lakini utamu zaidi ulikuja mwaka 2018, Angélique Kidjo wa Benin alipoichukua albamu nzima, wimbo kwa wimbo, akairekodi upya. Kama mtu aliyeazima kanzu yako akaishona mifuko, nawe ukaipokea na mifuko yake. Sikilizeni zote mbili siku moja. Mimi kwa upande wangu nampa Kidjo ushindi kwenye ngoma na Talking Heads kwenye wasiwasi, kwa sababu mwimbaji wao David Byrne ana wasiwasi ambao Kidjo hawezi kuuigiza. Yule mama anajiamini mno.

Kijana mmoja hapo ngazini ameninyanyulia mkono tangu zamani. Sema, mwanangu. ... Anauliza mbona Radiohead sijawataja. Nimewaweka kwa kusudi, kwa sababu nikianza na hao hatutoki hapa leo. OK Computer ya mwaka 1997 inaheshimiwa na dunia nzima, mimi ninaiheshimu pia, kwa mbali. Ninayoipenda ni Kid A ya mwaka 2000, walipoyaweka magita kando watu wakawalaani. Na In Rainbows, Oktoba 2007, waliitoa kwenye intaneti wakamwambia msikilizaji lipa unachotaka, hata usipolipa. Kwetu mtu anayeweka kikapu mlangoni akasema toa ulichojaaliwa tunamjua, ila hao walikuwa bendi kubwa ya dunia, ndiyo maana wafanyabiashara wa muziki walikosa usingizi.

Sasa turudi bara letu, maana kuna watu wanadhani roki ni ya kwao kule.

Zambia, miaka ya 1970. Vijana wa mikoa ya shaba walikuwa na magita ya umeme na walikuwa na hasira, na wakazaa kitu kilichokuja kuitwa Zamrock. Bendi yao kubwa ilikuwa WITCH, na Lazy Bones!! ya mwaka 1975 ndiyo ya kuanzia. Mwimbaji Emmanuel Chanda aliitwa Jagari, wakimfananisha na Mick Jagger. Gita lina mkwaruzo wa kutosha kumtoa mtu usingizini, lakini chini yake ngoma zinacheza za nyumbani. Shaba ikaporomoka bei, nchi ikakaza mkanda, bendi zikafa. Jagari akafundisha shule, baadaye akaingia machimboni kutafuta vito. Miaka ikapita. Kisha watu wa mbali wakaanza kuzisaka zile santuri, zikachapishwa upya, na mzee akarudi jukwaani. Mwaka 2023 WITCH walitoa Zango, albamu mpya, Jagari akiwa mzee wa miaka sabini na kitu. Hebu wazee wangu mlio hapa, mlioweka magita chini ya kitanda mkalipisha karo za watoto, mkisikie kisa hicho vizuri.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu hapa kwetu tulikuwa na Slim Ali, kijana wa Mombasa, na kundi lake la Hodi Boys, wakipiga soul ya Kiingereza ambayo ungeapa imetoka Memphis, Marekani. Wangapi hapa wanajua? Naona mikono mitatu. Na yote mitatu ina mvi.

Niger yuko Mdou Moctar, Mtuareg, mpiga gita wa mkono wa kushoto. Gita lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe, nyuzi akatumia waya za breki za baiskeli. Nyimbo zake za mwanzo zilisambaa jangwani kutoka simu hadi simu, kwenye vile vikadi vya kumbukumbu, kama zile mlizokuwa mkirushiana kwa bluutuu mkiwa shule. Msikilizeni kwenye Afrique Victime ya mwaka 2021, kisha Funeral for Justice ya mwaka 2024. Ile ya pili ina hasira ambayo haikuachi ukae. Halafu kuna mkasa: mapinduzi yalipotokea Niger Julai 2023 bendi ilikuwa ziarani Marekani, njia ya kurudi nyumbani ikazibwa. Wakiwa huko wakazirekodi nyimbo zile zile upya, bila umeme, wamekaa chini. Ikatoka mwaka 2025 kwa jina la Tears of Injustice. Hasira ile ile, sasa imekaa kwenye mkeka.

Na hapa jirani? Dar es Salaam mna singeli. Mkusanyiko wa Sounds of Sisso ulitoka mwaka 2017 kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, mapigo mia mbili kwa dakika na zaidi. Kuna walioniambia singeli ni muziki wa kihuni. Taarab nayo ilishaitwa hivyo na watu wenye ndevu ndefu. Nairobi mna Duma, vijana wawili, albamu yao iliyoitwa Duma ilitoka kwa lebo hiyo hiyo mwaka 2020. Ukisikia duma unafikiria mnyama na mbio zake, na mbio zimo humo, lakini wao wanasema neno wamelitoa Kikuyu, kwa maana ya giza. Ni kelele, nakiri. Mama yangu angeniuliza nani amekufa. Mwaka huo huo, Nairobi hiyo hiyo, KMRU akatoa Peel, albamu ambayo haina ngoma hata moja, ni ukungu wa sauti unaosogea pole pole kama maji kupwa pale Tudor. Yeye ni mjukuu wa Joseph Kamaru, yule mkongwe wa nyimbo za Kikuyu, na jina lake ndilo hilo hilo la babu. Babu aliimba maneno mpaka serikali ikakosa raha, mjukuu hasemi neno. Mji mmoja, mwaka mmoja, albamu mbili ambazo huwezi kuzipiga kwenye chumba kimoja. Mimi hupiga zote mbili, ila kwa Duma hungoja mke wangu aende sokoni.

Mnisamehe, nimesahau za mpya za kule, na karatasi inasema za zamani na mpya. Nitapita upesi, isipokuwa tatu.

Novemba 2024 The Cure walitoa Songs of a Lost World, ya kwanza baada ya miaka 16. Mwimbaji wao Robert Smith alikuwa na miaka 65, amewazika wazazi na kaka. Wimbo wa kwanza unapiga dakika tatu na zaidi kabla hajafungua mdomo. Vijana wa leo wakingoja sekunde kumi wanabonyeza mbele. Mtu wa taarab hana shida hiyo. Tumelelewa na bashraf: vyombo vinatandika jamvi kwanza, watu wanakaa vizuri, wanajifunga kanga, ndipo mwimbaji anaingia. Smith anaingia namna hiyo, na akiingia ni kwa msiba.

Beth Gibbons, yule yule wa Portishead, alitoa Lives Outgrown Mei 2024. Ni albamu ya mtu aliyevuka miaka hamsini, anaimba kuhusu mwili unaobadilika na watu waliomtangulia. Ngoma zake si ngoma. Walipiga vyombo vya jikoni, wakapiga sanduku lililojazwa mapazia. Ndiyo maana mpigo unasikika kama moyo wa mtu aliye chumba cha pili.

Na Arooj Aftab, Mpakistani anayeishi New York: Vulture Prince, 2021. Anaimba ghazali za Kiurdu, yaani mashairi ya mapenzi, ngoma zimekaribia kutoweka, kuna kinubi, kuna fidla, na majonzi ya mdogo wake aliyefariki. Nilimpigia wimbo mmoja mama wa mtaa wetu, mpenzi wa taarab za marehemu Zein l'Abdin tangu usichana wake. Alisikiliza kimya, mkono kwenye shavu. Ulipokwisha akasema, "Huyu anajua kungoja." Kisha akaniambia rudisha. Na mimi naongeza: ukiipenda hiyo, tafuta Mtindo wa Mombasa ya huyo huyo Zein, iliyotolewa London mwaka 1990 na lebo ya GlobeStyle. Huko Ulaya watu waliinunua kwenye maduka yale yale yanayouza Cocteau Twins. Sisi kwao ndio muziki mbadala.

Fontaines D.C. wa Dublin, Romance, 2024. Geese wa New York, Getting Killed, 2025, mwimbaji anaimba kama mtu aliyepandishwa tuktuk isiyo na breki. Andikeni, mtazitafuta wenyewe.

Ombi moja kabla sijakaa. Albamu isikilizeni nzima, kwa mpango wake. Simu inapenda kuchanganya nyimbo, inachomoa moja hapa na moja pale. Ukienda arusini saa sita ukatoka saa sita na robo, ukirudi nyumbani usiseme ulikuwa arusini.

Sasa tusikilize moja. Wenyeji wameniuliza kama nataka kuunganisha simu kwenye spika, nimewaambia nimekuja na deki yangu, hii hapa, ndiyo mjomba wake yule wa Mwembe Tayari. Yule Mfilipino alilipia nakala mbili. Mimi nilirekodi tatu, na tajiri mpaka anafariki, Mungu amrehemu, hakujua. Hii ndiyo ya tatu. Ina miaka zaidi ya thelathini ndani ya joto la Mombasa. Imepanda matatu, imelala dirishani, iliazimwa na mtu wa Likoni akakaa nayo miaka minne. Safari hii imevutika kweli. Mtasikia inayumba: kuna mayumbo ya Shields na kuna mayumbo ya jua la hapa, na mimi mwenyewe siku hizi siwezi tena kuyatenganisha.

Haya mwanangu, bonyeza.